Reli ndogo ya nyumbani: namna ya kupanga mradi unaofuata

Duara la kwanza la treni yako ya mfano limekamilika. Treni inazunguka meza bila kuacha reli, pointi, yaani mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili, zinageuka zinavyotakiwa, na ule usiku wa kwanza ulikaa ukiitazama mpaka ukasahau kulala. Baada ya wiki chache mkono unaanza kuwasha. Unataka kuongeza kitu: stesheni, daraja, kilima chenye handaki, yadi ya mabehewa ya mizigo. Vyote vinavutia, ila haviwezi kuja kwa pamoja.

Nimejenga na kubomoa kiasi cha kutosha kujua kwamba reli ndogo nyingi haziachwi kwa kukosa vifaa. Zinaachwa mradi ukiwa nusu: nyaya zinaning'inia chini ya meza, njia kuu imekatwa, treni zimerudi kwenye maboksi yake, na kila siku inayopita hamu inapungua. Ndiyo maana mimi hupanga mradi kwa mambo mawili. Treni zenyewe ziseme zinahitaji nini, na wakati wote wa ujenzi ziendelee kutembea.

Vipimo nitakavyotaja ni vya saizi iitwayo HO, yaani 1:87 (kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli), yenye reli za upana wa mm 16.5. Ukiwa na saizi ya N ya 1:160, yenye reli za mm 9, chukua kidogo zaidi ya nusu ya kila urefu wa njia ninaoutaja. Kisichopungua ni urefu wa mkono wako na nafasi ya kupita.

Hatua ya 1: Endesha treni daftari likiwa wazi

Kabla hujachora mstari wowote, endesha treni kwa wiki 2 kama unavyoendesha siku zote. Kila mkono wako unapogusa meza kwa sababu yoyote isiyokuwa kuwasha na kuzima, andika. Andika behewa gani, mahali gani, likivutwa au likisukumwa, likielekea wapi. Andika pia ulichotaka kufanya ukashindwa. Ukurasa mmoja wa daftari langu ulikuwa hivi:

"Behewa jekundu la mafuta limeacha reli pointi ya kushoto, likisukumwa. Mara ya tatu."
"Kichwa cha treni kinasitasita kona ya dirishani, mwendo mdogo tu."
"Treni mbili haziwezi kupishana. Nimeinua moja kwa mkono."
"Mabehewa 4 hayana pa kukaa, yamebaki kwenye boksi."
"Nimeinua tena."

Wiki 2 zikiisha, tenga makosa na mapungufu. Mistari miwili ya kwanza ni makosa, na makosa hayaitwi mradi: yanatengenezwa kwanza, maana ukijenga juu ya kosa unalizika humo humo. Lile behewa la mafuta lilikuwa na magurudumu yaliyokaribiana kuliko inavyotakiwa. Yule aliye na kipimo cha bati cha NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, huligundua kosa hilo kwa sekunde kadhaa: unapachika magurudumu kwenye mikato ya kile kibati na unaona yanaingia au hayaingii. Kona ya dirishani ilikuwa na kiungio cha reli kilicholegea, umeme ukawa unapita kwa bahati. Waya mmoja uliolehemiwa kila upande wa kiungio ukamaliza kazi jioni moja.

Mistari mitatu iliyobaki ndiyo inayozungumzia mradi. Treni hazina pa kupishana, na mabehewa hayana pa kukaa.

Sasa angalia ni kitu gani hakimo kwenye daftari. Kwangu mimi hakikuwemo kilima, ingawa kilima ndicho nilichokuwa nakiota. Miaka ya nyuma nilikuwa nimekwisha kujenga kimoja kabla ya kufuata utaratibu huu, cha plasta, kizuri kwelikweli, na chini yake nikaiacha pointi moja ndani ya handaki. Wiki ya kwanza tu behewa liliacha reli humo ndani. Mkono haukufika. Nilikata ubavu wa kilima kwa kisu ili kulitoa, na lile tundu lilibaki hapo mpaka nilipovunja meza nzima. Tangu hapo siweki pointi mahali nisipopaona na nisipopafikia.

Hatua ya 2: Andika sentensi moja

Iandike hivi: "Mradi huu ukiisha, nitaweza ku…" na baada ya hapo kiwe kitendo kinachofanywa na treni. "Nitaweza kupisha treni mbili bila kugusa meza." "Nitaweza kupanga upya mabehewa 8 kwa kutumia kichwa kimoja." Sentensi ikikataa kuandikika kwa namna hiyo, huenda unachotaka ni mandhari, yaani milima, miti na nyumba. Hiyo ni kazi njema kabisa, lakini ina wakati wake, na wakati wake ni baada ya njia iliyo chini yake kuthibitika.

Ibandike hiyo sentensi ukutani. Kazi yake ni kukukatalia. Katikati ya mradi utaona picha ya karakana ya kuzungushia vichwa vya mvuke na utashawishika. Hapo utaisoma sentensi yako na kurudi kazini.

Hatua ya 3: Pima kilichopo

Kumbukumbu hudanganya kuhusu vyumba. Chukua tepu, pimamaji na karatasi, upime kama vile chumba si chako.

Pima meza yenyewe, kisha nafasi iliyoizunguka. Mlango unafunguka hadi wapi? Dirisha je? Njia ya mtu kupita ikiwa na sm 60 utapita kwa kubana. Sm 75 na kuendelea utapita umebeba kitu. Pima mkono wako pia: simama mahali utakaposimama, inama kidogo, uguse sehemu ya mbali bila kuegemea. Watu wengi wazima wanaishia sm 60 hadi 70. Kitu chochote kinachoweza kuharibika, na hasa pointi, kisizidi hapo. Meza yangu ina upana wa sm 120, na ndiyo sababu haigusi ukuta: naifikia kutoka pande zote mbili.

Halafu pima treni zako. Behewa refu kuliko yote, kichwa kirefu kuliko vyote, na treni ndefu unayoipenda kuendesha, kuanzia pua hadi mkia. Namba hizo 3 zitaamua karibu kila kitu kinachofuata. Kwangu kichwa kina sm 20, behewa la mizigo sm 15 pamoja na kiunganishi, na treni ninayoipenda ina mabehewa 5. Jumla yake ni sm 95.

Weka pimamaji kila nusu mita kwenye njia iliyopo, urefu na upana. Kama meza imeinama kwa kujipinda, ni heri ujue leo.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kupenda mchoro

Hii ndiyo hatua wengi huiruka, na ndiyo iliyobadilisha mradi wangu wote. Nilitaka njia ya kupishana. Meza ina sm 240 kwa 120, na kona zangu zina nusu kipenyo cha sm 56. Kila kona inakula sm 56 za urefu wa meza, na pembeni nimeacha sm 4 kila upande ili treni isitumbukie sakafuni. Basi sehemu iliyonyooka ni 240 kutoa 112 kutoa 8, yaani sm 120.

Ukiisikia, sm 120 ni nyingi. Treni ina sm 95, kwa hiyo inatosha? Haitoshi, na sababu ni pointi. Pointi yangu inaachana kwa 1:6, maana yake njia mbili zinatengana kwa sm 1 kila zinapokwenda sm 6. Ili treni mbili zisimame sambamba bila kukwaruzana, katikati ya njia moja hadi katikati ya nyingine nahitaji sm 5. Zidisha kwa 6, unapata 30, ongeza sehemu ya mwanzo ya pointi kabla njia hazijaanza kutengana, unakaribia sm 40. Hiyo ni kwa upande mmoja. Pande mbili zinakula sm 80, na kati ya zile 120 nimebaki na 40: kichwa na behewa moja. Kupisha treni yangu kamili ningehitaji karibu sm 185 zilizonyooka, pamoja na sm 10 za kuponea.

Nilizifanya hesabu hizo kwa penseli kwa dakika kama 10. Ningeanza kwa kununua pointi 2, ningegundua ukweli huo zikiwa zimeshapigwa misumari.

Kuna hesabu nyingine 3 ambazo hazina budi kufanywa kila mara, hata kama mradi wako ni tofauti na wangu.

Ya kwanza ni ya kona. Nusu kipenyo cha kona kiwe angalau mara 3 ya urefu wa behewa lako refu kama unataka treni itembee bila wasiwasi. Mara 2 ni mpakani kabisa, na behewa litaonekana limening'inia nje ya reli. Behewa la abiria la mita 26 katika uhalisia, kwenye HO linakuwa na sm 30, hivyo linataka kona ya sm 90. Kona zangu za 56 hazilifai. Ningeweza kujidanganya, lakini viunganishi visingedanganyika. Na pale kona ya kushoto inapofuatiwa na kona ya kulia, weka katikati kipande kilichonyooka chenye urefu usiopungua behewa lako refu, la sivyo mabehewa yatavutana kwa pembeni na kuangushana.

Ya pili ni ya mwinuko. Wengi wanaota njia moja kupita juu ya nyingine kwa daraja. Kwenye HO treni inahitaji kama sm 7.5 za uwazi juu ya reli, na ukiongeza unene wa daraja na ubao wake, njia ya juu inapaswa kupanda karibu sm 10. Kwa mwinuko wa asilimia 2, yaani sm 2 kwa kila mita, hizo ni mita 5 za kupanda tu. Duara langu zima lina urefu wa kama mita 5.9, na treni ikishapanda lazima ishuke. Kwa asilimia 3 zinatosha mita 3.3, lakini kichwa kitavuta mabehewa machache zaidi, na kona iliyo kwenye mwinuko inaongeza uzito wake. Mwinuko nao hauanzi ghafla. Unainuliwa polepole mwanzoni na kulazwa polepole mwishoni, na vipande hivyo viwili vinataka nafasi.

Ya tatu ni ya mabehewa. Hesabu uliyonayo, zidisha kwa urefu, ulinganishe na njia za pembeni zitakazokuwepo. Yadi iliyojaa kabisa haifanyi kazi, maana hakuna pa kusogezea. Mimi huacha theluthi moja wazi.

Baada ya hesabu, sentensi yangu ya ukutani ilibadilika. Kupishana kulihitaji meza ambayo sina. Kuhifadhi na kupanga mabehewa kuliwezekana.

Hatua ya 5: Chora, kisha utandaze karatasi zenye ukubwa halisi

Kwa mahitaji yangu kulikuwa na umbo lililokwisha kufikiriwa na mtu mwingine zamani. Alan Wright wa Uingereza alibuni yadi ndogo iitwayo Inglenook Sidings: njia 3 zinazoishia ukingoni, moja ya mabehewa 5, mbili za mabehewa 3 kila moja, na kipande cha kuvutia, yaani njia fupi ambayo kichwa huvutia mabehewa kuyatoa yadini, kinachobeba kichwa na mabehewa 3. Pointi ni 2 tu. Unaweka mabehewa 8, unachagua 5 bila kuangalia, kisha unaunda treni ya hayo 5 kwa mpangilio uleule yalivyotoka. Mipangilio inayowezekana ni 8 × 7 × 6 × 5 × 4, yaani 6,720. Asikwambie mtu kwamba ubao mwembamba hauna kazi ya kutosha.

Kwa vipimo vyangu inakuwa hivi: kipande cha kuvutia sm 70, pointi mbili sm 50, nafasi ya njia kutengana sm 10, njia ndefu sm 80. Jumla sm 210. Upana sm 30. Ubao huo nikauweka kama mkia wa meza: pale njia ya mbele inapoanza kukunja, pointi mpya inaacha njia moja iendelee kunyooka kutoka nje ya meza, na kile kipande cha kuvutia ndicho hicho hicho kinachounganisha. Kwa hiyo kichwa kinaweza kupangua mabehewa mkiani huku treni nyingine ikizunguka mezani.

Mchoro wa mkono kwa kipimo cha 1:10 unatosha. Anayependa kompyuta ana XTrackCAD, ambayo ni ya bure, na zipo SCARM na AnyRail. Faida kubwa ya programu hizi ni kwamba zinakataa kukunja pointi. Penseli inakubali kila kitu, na mara nyingi pointi iliyochorwa kwa mkono ni fupi kuliko yoyote inayotengenezwa.

Lakini usiishie kwenye mchoro. Chapisha au kata karatasi za pointi zenye ukubwa halisi, pamoja na vipande vya karatasi vya sm 5 kwa njia za kawaida. Vitandaze mahali penyewe, vishike kwa gundi ya utepe, na uweke mabehewa yako halisi juu yake. Sukuma kwa kidole. Je, behewa la mwisho linasimama kabla ya mahali njia zinapokaribiana? Mkono unafika kwenye viunganishi? Kiwiko kinagonga nini? Nilipofanya hivyo niliona kwamba njia ya nyuma ilikuwa imefichwa na mahali nilipotaka kuweka ghala, na nisingeona viunganishi hata kidogo. Ghala likahamia mwisho wa ubao. Karatasi zikabaki hapo siku 5, nikawa nazipitia asubuhi na jioni. Kila siku nilisogeza kitu, siku ya 5 sikusogeza kitu, ndipo nikajua mchoro umeiva.

Hatua ya 6: Umeme nao upangwe kwenye karatasi

Chora njia zote kwa mistari miwili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, ukifuata kila reli kwa rangi yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Rangi mbili zikikutana mahali, hapo pana shoti. Hutokea pale njia inapojikunja na kujirudia ilikotoka, kama kitanzi. Kitanzi cha namna hiyo kinakatwa reli zote mbili kwenye kila mwisho, na sehemu iliyotengwa iwe ndefu kuliko treni yako ndefu.

Mimi hupitisha nyaya kuu mbili za 2.5 mm² chini ya meza, na kutoka hapo nyaya nyembamba za 0.5 mm² zisizozidi sm 30 zinapanda kwa kila kipande cha reli. Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme. Vinashika reli zikae mstari, na kwa kazi hiyo ni hodari, lakini vumbi na kutu vikiingia umeme unakatika.

Angalia pia pale katikati ya pointi reli mbili zinapokatana. Kama pametengenezwa kwa plastiki, kichwa kifupi kinaweza kuzimika hapo kikitembea polepole, na kazi ya yadi yote ni ya mwendo wa polepole. Kama ni pa chuma, panahitaji waya wake unaobadilika pointi inapogeuzwa. Kwa yadi nachagua chuma, ingawa kazi inaongezeka.

Mwenye umeme wa kawaida wa mzunguko mmoja aweke swichi ya kuzima ule ubao, ili kichwa kipumzike huko kingine kikiwa mezani. Mwenye DCC, yaani mfumo wa kidijitali wa kuongoza treni, haihitaji, kwa kuwa reli zote zina umeme muda wote na kila kichwa kinasikiliza namba yake kupitia dikoda, kifaa kidogo kilicho ndani yake. Ila afanye jaribio moja kila mita: alaze bisibisi ya chuma juu ya reli mbili. Mtambo unapaswa kukata umeme papo hapo. Usipokata, nyaya ni nyembamba mno au ziko mbali, na siku ya shoti ya kweli joto litayeyusha kitu.

Hatua ya 7: Gawa kazi ili njia ya zamani ikatwe mwisho

Hapa ndipo mradi unapopona au kufa. Kishawishi ni kuanza kwa kukata njia kuu na kuingiza pointi mpya, kwa kuwa ndiyo sehemu inayosisimua. Ukikata siku ya kwanza, umesimamisha reli yako kwa miezi. Panga kinyume chake.

Kwangu ulikuwa mfuatano huu. Kwanza ubao wa mkia na miguu yake, peke yake, mbali na meza, miguu ikiwa na skrubu za kupandisha na kushusha. Kisha njia zote juu ya ubao. Kisha nyaya zake zote, na kujaribiwa kwa umeme ukiwa bado umesimama peke yake ukutani. Wakati wote huo duara la zamani linazunguka, na jioni nikichoka na lehemu nakaa naendesha treni. Kukata njia kuu kulikuja mwisho kabisa, Jumamosi moja, pointi ikiwa imeshapimwa, nyaya zake zimeshalehemiwa na matundu yake yameshatobolewa. Asubuhi nilikata, jioni treni ya kwanza ilipita.

Ubao uliojitegemea una faida ya pili. John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, aliyejenga reli ya mfano iitwayo Gorre & Daphetid, alianza na reli ndogo ya kutosha kukaa juu ya meza, na alipopata nafasi kubwa aliiingiza ile ndogo ndani ya kubwa. Kipande kinachofunguka kwa skrubu kinahamishika. Kilichogandishwa kwa plasta na meza nzima kinavunjwa.

Mahali ubao unapokutana na meza pana matatizo yake. Mbao hunywa unyevu na kuutoa, zinavimba na kunywea, na reli zinafuata. Kwenye mpaka huo mimi hukata reli kwa msumeno mwembamba, naacha mwanya usiofika mm 1, na kila mwisho wa reli naulehemu juu ya kichwa cha skrubu ya shaba iliyozamishwa kwenye ubao mpaka kichwa chake kilingane na tumbo la reli. Unazungusha skrubu robo duara, reli inapanda kwa unene wa karatasi. Hakuna njia nyingine niliyojaribu iliyokaa sawa muda mrefu hivyo.

Hatua ya 8: Orodha ya vifaa

Andika vya hatua ya kazi iliyo mbele yako tu, katika safu mbili: ulivyonavyo na usivyonavyo. Fungua maboksi uhakikishe vya safu ya kwanza vipo kweli. Ongeza sehemu moja ya tano kwa viungio, nyaya na skrubu, kwa sababu hupotea na kuharibika. Pointi usiongeze hata moja, ila kabla ya kuziweka pitisha behewa kwa mkono kwenye kila upande wa kila pointi. Iliyo na kasoro hurudi ilikotoka siku hiyo hiyo, ikiwa bado safi.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kokoto

Njia mpya ikishaunganishwa, usimwage kokoto. Iache uchi kwa wiki kadhaa uiendeshe kwa ukatili. Sukuma mabehewa yote kinyumenyume, polepole, kupitia kila tawi la kila pointi, kwa kuwa kusukuma hufichua makosa ambayo kuvuta huyaficha. Badilisha mpangilio: behewa jepesi liwekwe katikati ya mazito. Pitisha kucha juu ya kila kiungio. Ikikwama, kiungio hicho kitaangusha treni siku moja, hivyo kisugue kwa tupa ndogo mpaka kucha iteleze. Kwenye mkia wangu nilipata viungio 2 vya namna hiyo, na pointi moja ambayo ulimi wake mmoja, kile kipande chembamba kinachosogea, haukuwa unaigusa reli sawasawa. Vyote vilichukua saa moja kuvirekebisha. Vingekuwa chini ya kokoto zilizogandishwa, vingechukua siku.

Wiki hizo zikipita bila mkono kuingia, kokoto ruksa. Zitandaze kavu kwa brashi laini mpaka mataruma yaonekane, zinyunyizie spiriti ya dawa ili zilowe bila kusogea, kisha dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu pamoja na tone la sabuni ya maji. Kwenye pointi weka chache sana. Kati ya ndimi na reli usiweke kabisa. Hapo paka rangi ya kokoto tu. Wakati gundi inakauka geuza pointi kila baada ya robo saa, kwenda na kurudi, mpaka usikie inagonga kavu pande zote mbili.